Bomba la Pili Chini ya Matete

Ukingoni mwa mto Rewa, 3 Machi

Mwanangu Emori,

Bula, salamu za kwetu. Huko mjini Suva mnaendeleaje? Kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila goti langu halitaki tena kupanda ngazi.

Baba yako mdogo Apenisa kachimba shimo kubwa kati ya banda lake la nguruwe na mto. Kifusi cha kanisa lililoangushwa na kimbunga kakimwaga humo, matofali na zege, kisha juu kapanda matete. Eti uchafu wa nguruwe upite humo utoke maji safi. Tangu lini Apenisa akauonea mto huruma? Sisi wanawake tunazamia kome hapo hapo chini.

Mama yako

Suva, 12 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa, pole na goti. Usimshuku baba mdogo. Ofisi yetu ya mazingira ndiyo inayomsaidia. Vipande vya matofali vinachuja, na mizizi ya matete inakula uchafu. Nenda ukayaone maji yanapotokea.

Mwanao

Ukingoni mwa Rewa, 30 Machi

Emori,

Hujambo? Nimekwenda. Maji yanayotoka bombani ni maangavu, hayanuki. Wageni wa ofisi yenu wamepiga picha, wamekula magimbi yetu ya dalo, wameondoka. Kesho yake kome wetu wakanuka banda. Sasa huo uchafu umepitia wapi?

Mama yako

Ukingoni mwa Rewa, 9 Aprili

Emori,

Nakusalimu. Nimefukua matete. Chini yake lipo bomba la pili, linatoka bandani moja kwa moja hadi mtoni. Apenisa akanikuta.

"Shemeji, nani kakutuma?"

"Pua yangu."

Akacheka. "Kamuulize mwanao. Shimo hili halitoshi kwa nguruwe wote hawa. Emori alijua, na bomba kalichora yeye."

Niambie kuwa ni mwongo. Nitakuamini wewe.

Mama yako

Ukingoni mwa Rewa, 21 Mei

Emori,

Sijui kama u mzima. Barua mbili hujajibu. Jana sisi wanawake tulilikata lile bomba, tukaliziba kwa saruji. Apenisa alitukana, kisha banda likaanza kufurika. Leo anauza nguruwe.

Wenzangu waliuliza nani alichora. Nikaendelea kukoroga saruji, na wakaelewa.

Usije na zawadi. Njoo na jibu, na ulitoe kule mtoni, mbele yao.

Bado ni mama yako