Mawe Yaliyokuwa ya Jiko Langu

Baba Nafula,

Watu wote wamesharudi makwao. Mahema yalifungwa, viti vya kanisa vikapakiwa kwenye pikapu, na kina mama wakaja kuchukua sufuria zao moja moja mpaka nikabaki na yangu tu. Dada yako alikaa kidogo, akanipalilia sukuma wiki, akanilazimisha kula, kisha naye akaondoka. Nafula alirudi kazini Kitale. Tangu hapo nyumba hii imekuwa na kimya ambacho sikukijua. Hata jirani yetu wa ng'ambo ya kijito amekisikia. Tulikutana sokoni Chwele, akaniambia siku hizi watoto wake wanachelewa shule, kwa sababu alizoea kuamka akisikia tukigonga mawe. "Si nyinyi ndio mlikuwa saa yetu," akasema. Kisha akaona uso wangu, akanishika mkono, akaanza kuniuliza habari za vitunguu.

Mimi bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono unapima wenyewe. Unaobaki nawapa kuku.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea hapa nyumbani, kubwa, na kila lilipokuwa likiendelea nilikuwa nageuka kukuambia. Kwa hiyo wacha nikuambie.

Unakumbuka ulivyotuonyesha mahali pa kukuzika. Kifua kilikuwa kimekubana kwa vumbi la mawe, ukatembea ukiegemea bega la Nafula mpaka kwenye migomba, ukasema hapa. Ukasema pana kivuli na mtu anasikia maji. Tulikubali, nani angekukatalia? Ulikuwa wakati wa kiangazi, kijito kilikuwa chembamba kule chini, na hakuna aliyefikiria ukingo.

Mvua ilipokuja, ilikuja vibaya. Asubuhi moja niliteremka kukatia ndama majani ya mgomba nikakuta mgomba wa mwisho haupo. Ulikuwa umelala kijitoni pamoja na udongo wake wote. Pale mgomba uliposimama palikuwa na pengo, na ukingo ulikuwa umesogea karibu na miguu yako. Karibu kabisa, Baba Nafula. Ningelala chini ningeweza kugusa ukingo kwa mkono mmoja na kaburi kwa mwingine. Na mvua kubwa ya masika ilikuwa bado.

Nilimwita ndugu yako Wanyonyi. Alikuja na gambuti zake, akazunguka, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Hii ni mbaya, Mama Nafula."

"Naona."

Akasema tuweke magunia ya mchanga. Akajijibu mwenyewe kwamba magunia yataoza. Akasema tulete bloku za mashine kutoka Bungoma, halafu akakumbuka kwamba lori haliwezi kushuka hapa. Kisha akavua kofia, akasema polepole, akitazama pembeni, kwamba labda tuongee na wazee na pasta, tuone kama inabidi kukuhamisha.

"Hahamishwi," nikasema.

"Sasa?"

"Tujenge ukuta wa mawe."

"Mawe nani atachonga? Fundi si ndiye huyu amelala?"

"Nitachonga mimi."

"Ati wewe?"

"Mimi."

Akatazama mikono yangu kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Na nadhani kweli ilikuwa mara ya kwanza. Watu wa hapa waliniona nikikufuata na karai kichwani miaka hiyo yote, Ndalu, Kiminini, mpaka mashamba ya kule Kitale, wakadhani nakuja kuchota maji na kukupikia. Wewe ulikuwa ukiwaambia wenye nyumba, "Huyu ndiye fundi wa upande wa kushoto," nao wanacheka wakidhani ni utani wa mume na mke.

Haukuwa utani. Niliolewa nikiuficha mkono huu wa kushoto. Shuleni nilichapwa kwa ajili yake, nyumbani mama alinikataza kupokea kitu nao. Halafu siku ile nilikuletea chakula kule mwambani, bado nikikuonea haya, ukanipa nyundo ndogo ili nione ilivyo nzito. Nikaishika kwa kushoto bila kufikiri, nikaihamishia kulia haraka. Ukacheka. Ukasema, "Rudisha pale ilipokuwa. Mkono huo ndio nimekuwa nautafuta." Ukanikalisha mbele yako, jiwe likiwa katikati yetu, ukaanza kupiga pembe ya kwako, nami nikapiga ya kwangu. Hatukuhitaji kuligeuza. Wewe kulia, mimi kushoto, likawa na pembe zote mbili kwa wakati mmoja. Tumekaa hivyo maisha yetu yote, Baba Nafula, tukitazamana juu ya jiwe. Nadhani nimekutazama usoni kuliko wanawake wengi wanavyowatazama waume zao.

Basi nilichukua vyombo vyako nyuma ya mlango. Nyundo kubwa, nyundo ndogo, tindo zile fupi na ndefu, mtaimbo. Tindo zilikuwa zimeanza kutu. Nilizisugua, nikazinoa. Kisha nikapanda juu ya shamba, kwenye yale majabali ambayo ulikataza wanaolima kwa ng'ombe wasiyang'oe.

Ndiyo, yale ya jiko langu. Najua unajua. Tangu Nafula akiwa mgongoni ulikuwa ukisema utanijengea jiko la mawe, lenye kuta nene zisizoingiza upepo, na kila jiwe zuri tulilolipata hapo juu ulilipiga kofi kama ng'ombe ukasema, hili la jiko la Mama Nafula. Kazi za watu zikawa zinatangulia. Sikukulaumu, na sikulaumu sasa. Nilisimama kati ya hayo mawe nikakuambia kwa sauti kwamba nayachukua. Nilingoja kidogo. Kulikuwa na upepo tu kwenye mahindi.

Kazi yenyewe nilikuwa naijua. Nilikuwa siijui peke yangu. Nilitafuta mahali jiwe linapotaka kupasukia, nikatoboa vishimo kwa mstari, nikapanga kabari, nikapita nikigonga kila moja kidogo, nikirudi, nikigonga kidogo tena, nikingoja ile sauti ibadilike kama ulivyonifundisha. Yalipasuka vizuri. Lakini ilipofika kuchonga pembe, nikapiga upande wangu ukakaa sawa, na nikainua macho, mbele yangu palikuwa na nyasi. Upande wako ulikuwa bado umevimba, haujaguswa. Ilinibidi nisimame, nichukue mtaimbo, niligeuze jiwe, nikae tena, nilichonge kutoka upande ambao mkono wangu haukuujua. Kila jiwe hivyo. Nachonga, nasimama, nageuza, nakaa. Jua la huku unalijua. Nilivaa barakoa, Nafula aliniletea nyingi, ananipigia simu kila jioni kuuliza kama nimeivaa. Anaogopa kifua changu pia.

Ndipo nikalivunja lile kubwa. Lile jeusi lenye madoa meupe, ambalo ulisema litakaa juu ya mlango wa jiko. Nililitaka liwe la kwanza chini, mbele ya miguu yako. Nilikuwa nimechoka, nikapiga kabari ya katikati kwa nguvu kabla ya zingine, nalo likapasuka kwa kukatisha, likaanguka vipande viwili vibaya, na sauti yake ikaenda mpaka ng'ambo.

Baba Nafula, siku ya mazishi sikulia. Najua walisema. Nilikaa kwenye kile kiti mbele ya jeneza, wengine wanaanguka, mimi macho makavu kama jiwe lenyewe. Sijui kwa nini. Lakini siku hiyo nililia juu ya lile jiwe mpaka nikakosa sauti. Nilikuita kwa jina lako, ambalo sijawahi kulitaja tangu nizae. Ng'ombe wa watu walisimama wakanitazama.

Nadhani kuna aliyenisikia, kwa sababu kesho yake asubuhi Wanyonyi alikuwa mlangoni amebeba mtaimbo wake.

"Nimekuja kusukuma," akasema. "Kugonga sijui, usinipe."

Tuliyateremsha mawe kwa magogo na kamba, yeye mbele, mimi nikizuia nyuma. Alichimba msingi mpaka akafika udongo mgumu. Vile vipande viwili vya jiwe jeusi nilivichonga upya, nikaviweka chini kabisa, kila kimoja kona yake. Mawe marefu nikayalaza yakiingia ndani ya ukingo, na ukuta wote nikauegemeza nyuma kidogo, uuegemee udongo kabla udongo haujauegemea. Nyuma yake tukajaza kokoto na yale mabaki ya kuchonga. Hakuna kilichopotea.

Nilipoacha matundu kati ya mawe, Wanyonyi akasimama.

"Hizi shimo za nini tena? Si udongo utatoka?"

"Maji yatoke, shemeji. Yakikosa njia yatausukuma ukuta."

"Alikufundisha?"

"Alinifundisha."

Akakaa juu ya jiwe akajipangusa jasho. "Mimi ndugu yake, hakunifundisha."

"Ulikuwa unakimbia jua. Aliniambia."

Basi akacheka. Ni cheko lako lile, Baba Nafula, linaloanzia puani. Sikuwahi kugundua kwamba mnalo wote wawili. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji, nikasimama kijitoni mpaka aliponyamaza.

Mvua kubwa ilikuja mchana, ukuta ukiwa umefika kifuani kwangu. Ilitoka upande wa Elgon, nyeusi, na mawe madogo ya barafu ndani yake. Wanyonyi alikimbilia nyumbani kwake. Mimi nilifunika kichwa kwa gunia nikateremka kwako. Sikuweza kukaa ndani. Kijito kilikuwa kimejaa, chekundu, kinabeba matawi, kinapiga ukuta na kurudi. Kutoka juu shamba zima lilikuwa linateremsha maji. Nikatazama yale matundu. Hayakutoa kitu. Nikasema, sasa basi, nimekosea, maji yamejaa nyuma, yote yanaenda pamoja na wewe. Nikaweka mikono yote miwili kwenye mawe kana kwamba ningeweza kuyazuia.

Halafu tundu la chini likatema. Maji machafu kwanza, rangi ya chai ya maziwa. Kisha la pili. Kisha yote yakawa yanatoa, na baadaye kidogo maji yakaanza kuwa meupe, maana yake udongo ulikuwa umebaki ndani. Nilikaa pale mpaka mvua ikatulia. Hakuna jiwe lililosogea. Hata moja, mume wangu. Ungeyaona.

Tulimaliza wiki iliyofuata. Wanyonyi alileta mke wake, wakaleta soda, tukanywa tumesimama. Watu wa kanisa walipita kuangalia. Wakasema ni kazi nzuri, wakasema Mungu ni mwema, nikawashukuru. Na walipoondoka, nilipaswa kufurahi.

Nikuambie ukweli. Siku zote hizo za kujenga nilikuwa na wewe. Nilikuwa nakuuliza, nakugombeza, nakuonyesha. Nilipoweka jiwe la mwisho na kulifinyia vijiwe pembeni, nikashuka, nikaona sina kitu kingine cha kukufanyia. Hapo ndipo ulipokufa, Baba Nafula. Si kule hospitalini. Hapo. Niliingia ndani nikalala na nguo za kazi.

Nafula alikuja Jumamosi akanichukua. Nilikaa kwake Kitale. Nyumba nzuri, maji yanatoka ukutani, majirani wanasalimiana "sasa" wakipita huku wanatazama simu. Ananipenda yule mtoto. Lakini akienda kazini nakaa kwenye kochi, mikono juu ya magoti, nasikia magari. Nikamwambia nataka kurudi. Akasema, "Mama, huko utakaa na nani?" Nikafunga mfuko wangu, nikarudi hivyo hivyo.

Halafu juzi simu ililia. Ni mama mmoja wa Kiminini, yule mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, ambaye tuliwahi kumjengea ngazi. Anasema uwanja wake wa nyuma unateremka kila mvua, anataka ukuta. Nikamwambia kwamba wewe ulifariki. Akasema, "Pole sana, mama. Nilisikia. Ndiyo maana nakupigia wewe." Kisha akauliza, "Uko na mtu wa kufanya naye?"

Nikamjibu, "Hapana. Niko peke yangu."

Sikuwa nimewahi kuyasema hayo kwa mdomo. Wala kwa Nafula, wala kwa pasta. Niliyasema kwenye simu kwa mtu wa duka, nimesimama uani, na kuku walikuwa wanaokota, na sikuanguka.

Nitaenda Jumatatu. Wanyonyi anasema atakuja kusukuma, akijisikia. Asipojisikia nitatafuta mtu. Nakuahidi nitavaa barakoa, nitakula mchana, na nitalala mapema. Nakuahidi pia kwamba sitaharakisha kabari.

Nikiwa huko sitakuja kukuongelesha kila siku kama nilivyozoea. Usihesabu kwamba nimekusahau. Pumzika, baba wa mtoto wangu. Udongo wako umeshikwa. Mimi naenda kazini.

Wako,
Nasimiyu, Mama Nafula