Baba Anaita Gwaride Kila Umeme Ukirudi

Bi Rahima mpendwa, nakuandikia kutoka Kansanga, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana ikipita hiyo sijui kama bado nitaolewa. Mimi naitwa Adoch, baba yangu ni Afande Otema, amestaafu polisi juzi juzi, na sisi watoto wake tulizaliwa kambini tukakua kwa Kiswahili cha amri, hata chai tulikunywa kwa amri. Tangu astaafu baba alikuwa anaamka alfajiri, anavaa buti, halafu anakaa tu anatazama mlango, roho ikaniuma, na kwa kuwa kompyuta ndiyo kazi yangu nikamletea kakompyuta kadogo ka Linux, kanatosha kwenye kiganja, nikamrekodi akiita gwaride, nikaandika skripti fupi ya kuipiga hiyo sauti, nikaipanga ijiendeshe yenyewe kila mashine inapowaka, maana nilidhani ataiwasha asubuhi na kuizima jioni, basi, nikaiunga na spika kubwa tuliyoazima kanisani.

Bi Rahima, baba haizimi. Na umeme wa huku unaujua, unaondoka na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli, na kila ukirudi mashine inawaka upya, inadhani kumekucha, inatangazia mtaa mzima, kikosi amka, mguu sawa, halafu inaita majina yetu, Akwero, Obita, Adoch, na mwisho kabisa ndiyo inasema mguu pande, watu wapumzike. Dada Akwero yuko Gulu kwa mume wake, kaka Obita anafanya kazi Juba, kwa hiyo anayeruka ni mimi peke yangu, hata nikiwa bafuni na sabuni usoni.

Sasa wiki iliyopita watu wa mchumba wangu Lawrence walikuja kututembelea, umeme haukuwepo, tunakula vizuri, mjomba wake Mzee Josias, ambaye alikuwa mwanajeshi, ameshika sahani ya malakwang, ile mboga yetu ya majani na karanga, baba ametoka kidogo kufuata soda, umeme ukarudi. Mzee Josias akaruka, mboga yote ikamwagikia gomesi, lile gauni la heshima, ya shangazi yake Lawrence, Vera, na mzee mwenyewe akasimama wima akilitazama friji, na kabla mashine haijafika kwenye mguu pande umeme ukakatika tena. Yule mzee akakataa kukaa. Tunamwambia mzee kaa, anasema hajaruhusiwa, akabaki wima jasho linamtoka mpaka baba aliporudi na soda zake akampa mguu pande, na baba badala ya kuomba radhi akasema hawa sasa ndio wakwe.

Shangazi Vera ametuma ujumbe kwamba Jumamosi wanarudi kwa mara ya mwisho kukamilisha posa, wakiisikia ile sauti wanageuza gari. Nimemsihi baba niiondoe, amesema mashine haihami. Nimefikiria kuimwagia chai nisingizie panya. Nifanye nini?

Adoch, Kansanga

*

Adoch mwanangu, kwanza weka kikombe chini. Panya gani wa Kansanga anakunywa chai? Nimecheka mpaka ushungi umenidondoka, lakini pole sana, aibu ya ukweni haina sabuni.

Kosa la kwanza ni lako. Uliiambia mashine ikiwaka iite, nayo imetii kuliko sisi sote. Mtu wa Kampala unasahauje kwamba hapa umeme kurudi si kukucha? Nimemuuliza mpwa wangu Shakib, anatengeneza kompyuta kule Kisenyi, anasema usiifute skripti, iongezee akili kidogo. Mashine ikiwaka, isubiri mtandao kwanza iulize saa, kwa sababu vimashine hivyo vingi havina betri ya saa, vikizimika vinaamka vimepotea. Ikikuta ni alfajiri na leo haijaita, iite. Ikikuta saa nyingine, au mtandao haupo, inyamaze. Halafu chomoa waya, urudishe, usikilize mwenyewe. Usimngoje Mzee Josias akufanyie majaribio. Na spika ya watu irudi kanisani, mwekee kaspika kadogo ka ndani, huyo afande sauti anayo ya kutosha.

Gomesi ya shangazi Vera ipeleke kwa dobi wewe mwenyewe, usitume mtu.

Sasa nikugombeze. Umeandika kwamba baba amekataa, hukuandika kwamba ulimuuliza kwa nini. Isome barua yako tena. Anaita Akwero, Akwero yuko kwa mume. Anaita Obita, Obita yuko Juba. Anaita Adoch, na Adoch anaruka tu, haitiki. Jumamosi watu wanakuja kumchukua huyo wa mwisho, na wewe unataka sauti nayo iondoke siku hiyohiyo. Mimi nisingekubali, na sijawahi hata kuvaa buti.

Kwa hiyo usiguse waya kabla hujaongea naye. Mwambie gwaride linabaki, ila sasa ni mara moja kwa siku, alfajiri. Askari ukimpangia ratiba anaelewa, ukimnyang'anya anapigana.

Na kesho sauti ikifika kwenye jina lako, toka chumbani, simama mbele ya baba yako useme, "Nipo, afande." Ukishaolewa utaitika hivyo kwa simu, kila siku, kabla ya chai. Lawrence akiuliza unaongea na nani, mwambie anyooshe mgongo, jina lake linafuata.