Kimya Si Kununa

Jumamosi, Jordbro, huku Uswidi. Theluji ya jana imeshakuwa tope, na saa tisa mchana giza limeshaingia. Niko salama, nina uji wa mtama, sina sauti. Ndivyo hali ilivyo.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ndiye ninayeongoza maombi katika kanisa letu la Warundi, lile linalokodi ukumbi karibu na stesheni. Watu husema nikishika kipaza sauti, hata wanaosinzia viti vya nyuma hukaa wima. Nami nilikuwa napenda wakisema hivyo. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikapasuka, na daktari wa koo akaniambia nisiseme neno mpaka Jumapili hii. Hata kunong'ona amekataza.

Ghalani kazini wamenihamishia kwenye kufunga mizigo kwa plastiki, kwa kuwa ile kompyuta ya masikioni inayotutajia mizigo ya kuchukua inataka ijibiwe namba kwa sauti. Huko sikusumbuka. Shida ilianza nyumbani, nilipopiga magoti kama kawaida yangu. Nilifumba macho nikasubiri maombi yaje. Hayakuja.

Bila sauti sikuwa na la kumwambia Mungu.

Niliogopa, sitaficha. Kama maombi yangu yalikaa kooni tu, basi miaka yote hii nilikuwa nazungumza na nani?

Mtaalamu wa sauti ndiye aliyenielekeza kanisa moja la mjini, Södermalm, ambako Jumanne jioni watu hukaa kimya pamoja. Nikaenda. Anayeongoza ni mchungaji mstaafu, mama wa Kiswidi anayeitwa Birgitta, mwenye soksi za sufu na maneno machache. Nilimwonyesha kikaratasi kinachosema siwezi kuzungumza; akacheka, akasema nimefika penyewe. Kwanza tulikaa kwa mtindo wa Zen, aliojifunza Japani kwa watawa wa Kibudha. Unakalia mto mgumu, unaelekea ukuta, unahesabu pumzi mpaka kumi, na ukipotea unarudi moja. Mimi sikufika sita. Kuku wa kukaanga aliingia akilini, shemeji akaingia, na yule dada wa kwaya aliyeshika zamu yangu akaingia pia, akiwa na kipaza sauti changu mkononi.

Baada ya kengele tulitembea polepole kama watu wanaotafuta pini sakafuni, kisha tukakaa tena, safari hii kwa njia ya Wakristo wa zamani. Unachagua neno moja, mawazo yakitangatanga unalirudia kimoyomoyo, basi. Hakuna kuomba gari wala viza. Nikachagua "Yesu". Kabla sijavuta pumzi kichwa kikaongeza "Simba wa Yuda, tunakuja mbele zako asubuhi ya leo", nayo ilikuwa jioni. Nikajaribu "Baba". Nalo likaja na msafara wake. Mazoea yana taabu.

Nikatafuta neno ambalo sijawahi kulisema kwenye kipaza sauti. Likaja lenyewe: abee.

Mama alitufundisha tulipokuwa kambi ya wakimbizi, Kigoma. Mtoto wa kike akiitwa na mkubwa haulizi "nini", anaitika "abee", kisha ananyamaza asikie anachoitiwa. Wapwa zangu waliozaliwa hapa wakiitwa hujibu "va?", ndiyo "nini?" ya Kiswidi, na kila mara Mama hukunja uso kama ametafuna ndimu. Neno hili halina mkia. Ukishalisema, zamu si yako tena. Nililirudia mpaka kengele ya mwisho. Sikuona nuru, sikusikia kitu, na goti liliniuma. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nipoteze sauti sikujiona niko peke yangu, na tangu hapo nimekuwa nikikaa hivyo nyumbani kila siku.

Leo Mama amenikuta. Anaishi ghorofa ya juu yangu na ana ufunguo. Aliingia na sufuria ya maharage, akaniona nimeelekea ukuta wa chumba cha kulala, akasimama palepale. Kwetu anayegeukia ukuta ni mgonjwa aliyewachoka watu. Halafu akaanza, tena kwa sauti ya juu, maana tangu ninyamaze anazungumza nami kana kwamba nilichopoteza ni masikio.

"Odeta, umemnunia Mungu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mbona kimya? Dada yako wa Kanada asipopiga simu wiki nzima, si tunasema ametutupa? Sasa wewe unamkalia Mungu kimya, yeye afikirie nini? Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu."

Na ana haki. Katika Kiswahili chetu kimya hakina jina zuri. "Mbona kimya" si swali, ni lawama. Nilimwandikia kwenye simu: Nasikiliza. Akaisoma akiwa ameishika mbali, hakuridhika. Akasema kama ni hivyo ataniombea yeye, akaketi kitandani nyuma yangu, akaanza kwa nguvu zote. Mimi nikaugeukia ukuta wangu.

Alianzia Bujumbura. Alipomaliza Burundi akaingia Kigoma, akawataja marehemu wetu mmoja mmoja, Baba akiwa wa mwisho, kisha akanyamaza. Nilingoja "Amina". Haikuja. Nilidhani amesinzia. Tulikaa hivyo muda mrefu, chumba kimejaa giza, hakuna aliyewasha taa.

"Hilo friji lako linalia," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Sijawahi kulisikia."

Akainuka kwenda jikoni kupasha maharage. Nilisikia kifuniko, nikasikia maji ya bomba. Halafu akaita.

"Odeta!"

"Abee!"

Ilitoka kabla sijafikiri. Ilikwaruza, nusu yake ilikuwa hewa, na daktari hajaruhusu mpaka kesho. Nikangoja aseme anataka nini, chumvi au kijiko.

"Hakuna," akasema. "Nilitaka tu kujua kama upo."

Nililia kidogo, pale pale kwenye mto. Kisha tukala.

Kesho zamu ya kuomba ni yangu. Sauti ipo, nimeisikia. Maneno nayo yapo, Simba wa Yuda na msafara mzima, yamejipanga foleni. Nikipewa kipaza sauti nitakishika, nitasema moyoni lile neno moja, na nitangoja. Kijana wa mitambo atadhani betri imekwisha.

Naye angoje.