Pima Ishirini

Jumatatu, 14 Septemba 1998. Kambini, Geita

Nimeruka! Gregory, mjiolojia, bosi wangu, kaniachia kompyuta yenye picha ya kilima chote, unaruka ndani yake kama ndege. Mshale wa juu, unakwenda mbele. Kipanya, unageuza kichwa. Nikapotea mara tatu. Mara ya nne nikatumbukia chini ya ardhi, nikakiona kilima kwa chini, tumbo lake! Gregory kacheka: eti mimi, Chausiku wa Kambarage, Shinyanga, sijapanda hata ndege ya Mwanza, leo rubani.

Wiki tatu nilizunguka na daftari kuuliza wachimbaji wadogo kina cha maduara yao, mashimo wanayochimbia dhahabu. Sasa yote yamo humo, mabomba ya kijivu. Nikalitafuta la Mzee Pantaleo, anakochimba kaka yangu Akida. Mita ishirini. Nikashuka nalo hadi chini. Akida, nimekuja!

Jumatano, 16 Septemba

Siwezi kutulia. Keshokutwa mashine ya kuchoronga mwamba inaanza. Njia yake ni mstari mwekundu wa kimshazari, unapita chini ya duara la Mzee Pantaleo, kwenye mita thelathini na tatu. Nafasi tele, kasema Gregory, kisha huyoo Isaka kupokea vipuri. Njia hiyo nimeiruka kwenye kompyuta mara saba. Sijui natafuta nini! Mwisho wa mwezi ndipo kampuni itaamua: niajiriwe au nirudi Shinyanga.

Ijumaa, 18 Septemba

Asubuhi kaja Mzee Pantaleo. Shikamoo, marahaba. Nikamwonyesha duara lake. Kaangua kicheko. Mwanangu, kifupi hivyo, hicho ni choo! Si nilikutajia pima ishirini?

Ndiyo, ishirini, nikasema.

Kanyoosha mikono yote miwili. Kidole cha huku hadi kidole cha kule, hiyo ndiyo pima moja.

Mungu wangu! Mimi nilidhani pima ni kupima tu. Nikaandika mita.

Nimekimbilia kwenye mashine. Imeshafika mita kumi na nane. Msimamizi hasimamishi bila neno la Gregory. Nikarudi kambini, nikampata Gregory kwa redio. Kauliza pima moja ni mita ngapi. Kanipa dakika kumi. Anataka namba, hataki hadithi za mikono.

Nikampima Mzee kwa futi kamba. Moja nukta sita. Mara ishirini: thelathini na mbili. Mstari unapita mita moja chini yao. Moja! Lakini unapita. Nikashusha pumzi.

Mzee kakuna kichwa. Kamba iliyoshushwa duarani hakuipima kwa mikono yeye, macho yamechoka. Aliipima Akida.

Akida, ambaye kila mlango anainama! Na siwezi kumpima, yuko shimoni na wenzake kumi tangu alfajiri. Nikakisia pima yake moja nukta nane, nikaandika thelathini na sita. Nikaruka tena. Mstari mwekundu uko ndani ya duara.

Mzee katoka mbio kwenda kuwaita. Ngazi ni ndefu, watapanda mmoja mmoja.

Nimeshika redio. Thelathini na sita, simamisha, kosa ni langu! Gregory kajibu: subiri, nitazame ramani.

Nasubiri. Naandika, redio sikioni. Mashine naisikia kutoka hapa, bado inakw—