Mbingu Ndani ya Dohani

Zabalotse, 4 Oktoba 1979

Kaka Apanas,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Surgut na baridi haijakukamata kifua. Sisi tu wazima, ila tunatetemeka.

Tumehamia nyumba ya marehemu mama, mimi, mume wangu Kastus na Marilka, ambaye wiki ijayo anatimiza miezi mitatu. Mpwa wako hujamwona bado. Ana pua yako, maskini. Shida ni jiko la matofali. Tangu ulipolijengea dohani mpya mwezi Mei halijawashwa, maana kiangazi chote tulipikia nje. Juzi nimewasha, moshi wote ukaturudia usoni. Nimezoa majivu, nimevuta kibati cha kufungulia dohani hadi mwisho, nimebadili kuni. Wapi! Mtoto namvalisha kofia ndani ya nyumba. Kastus yuko msituni anakata magogo, kwa hiyo mwenye kujua ni wewe. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Yadviga


Surgut, 13 Oktoba 1979

Yadviga,

Salamu. Mimi mzima. Hongera kwa mtoto.

Jiko likikaa miezi mitano bila moto, hewa ya dohani hupoa na kuwa nzito. Choma kwanza magazeti kwenye kile kitundu cha kutolea masizi, dohani ipate joto, ndipo utie kuni. Lisipokubali, subiri ujaribu tena.

Unasema mwenye kujua ni mimi. Mwezi Mei, kwenye matanga ya mama, ulisimama na bilauri mkononi ukawaambia wageni wote kwamba maziko nimeyachelewa lakini chakula nimekiwahi. Treni ilinichukua siku nne, Yadviga. Hukuniuliza. Siku ile hukumhitaji mwenye kujua.

Kaka yako,
Apanas


Zabalotse, 22 Oktoba 1979

Kaka Apanas,

Shikamoo tena, na pole na kazi.

Magazeti nimechoma, ya mwezi mzima. Moshi ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikaingiza kichwa kwenye kile kitundu, nikatazama juu: mbingu naiona, hata kunguru akipita namwona. Dohani iko wazi na moshi haupiti. Nakaribia kuwa mwehu.

Mzee Lavon jirani alikuja, akatazama, akacheka. "Hee, binti. Macho yanapita, moshi haupiti? Hicho ni kioo cha dirisha. Waashi wa zamani ukiwaudhi walikuwa wanakibandika humo katikati. Wewe ulimuudhi nani?" Nikamwambia dohani hii kaijenga ndugu yangu. Akasema, "Basi ndiyo maana nimekuuliza."

Nilimfukuza, kaka. Mzee wa miaka themanini nilimwonyesha mlango, na fimbo yake nikamrushia nje. Hakuna atakayekutukana ndani ya nyumba ya mama mimi nikiwa hai.

Marilka anakohoa tangu Ijumaa. Maji ya ndoo yanaganda. Kastus anarudi Jumamosi ya tarehe tatu, kwa sikukuu ya Mapinduzi. Amesema atawasha hivyo hivyo milango ikiwa wazi, moshi ukipungua afunge kila kitu tulale na joto litakalobaki. Naogopa. Wale wa ng'ambo ya mto walilala hivyo mwaka juzi, hawakuamka. Lakini baridi nayo inaua.

Yale ya Mei niliyasema kwa uchungu. Mama alikuita mpaka mwisho, hata mimi akawa ananiita kwa jina lako. Nisamehe.

Mdogo wako,
Yadviga


TELEGRAMU. Surgut, 31 Oktoba 1979

MSIWASHE. KIOO KIMO NDANI YA DOHANI. NILIKIWEKA MIMI. PANDENI PAA MDONDOSHE TOFALI. LAVON ALISEMA KWELI. KAKA YAKO APANAS


Zabalotse, 9 Novemba 1979

Apanas,

Tu wazima sote. Nadhani hilo ndilo ulilotaka kujua kwanza.

Telegramu ilifika Alhamisi. Zosia wa posta aliisomea foleni yote ya mkate kabla ya kuniletea. Ulijua atafanya hivyo. Barua ingekusitiri lakini ingechelewa, nawe hukuchagua barua, na hilo nimeliona. Sasa hapa kijijini hakuna atakayekuita kujenga hata banda la kuku.

Sikumngoja Kastus. Nilipanda paa mwenyewe, nikaachia tofali, nikakisikia kioo kikivunjika. Niliposhuka nikawasha, moshi ukapanda wote. Marilka nimemvua kofia. Tangu juzi hakohoi.

Nilikwenda kwa Mzee Lavon na chupa moja mkononi. Nililia tu mlangoni kwake. Aliniacha nilie, kisha akasema, "Mwandikie kaka yako kazi ilikuwa safi. Kioo kilikaa sawasawa, hata ufa hakuacha. Mkono anao, roho ndiyo inataka fundi." Siku hizi anakuja kwetu kila asubuhi kuota moto.

Kioo nimekusamehe. Mwezi Mei ulikuwa na hasira, na aliyekutia hasira ni mimi, na mtoto alikuwa hajazaliwa. Lakini tarehe kumi na tatu Oktoba ulikwishajua kwamba yupo, kwamba ana pua yako, kwamba anavaa kofia ndani ya nyumba. Ukaketi, ukachukua kalamu, ukanifundisha kuchoma magazeti.

Barua ile bado sijaiweza.

Mama Marilka