Mvi za Shimei

Mafuru, mtani wangu,

Mazishi yako yalifana kwa sababu yangu. Nilisimama juu ya kaburi nikakutukana mpaka mchungaji akaficha uso kwenye Biblia, na wanawake wa Kigera wakacheka na machozi yao.

Uongo. Nilikuwa ng'ambo ya mtaro wa mpaka wetu, nimeshika seng'enge ya jirani. Udongo ukianguka niliusikia tu. Mwanao Baraka alinizuia, na anasema wewe ndiye uliyemwagiza.

Tangu hapo nakaa upande wangu kama mbuzi aliyefungwa. Kaburi lako naliona kutoka mlangoni, wameliwekea vigae vyeupe kama bafu la gesti. Kulisogelea, hapana. Baraka, aliyekuwaga ananiita baba mdogo, alikuja akasimama hapa bila hata shikamoo. "Wewe mzee, baba aliniachia neno juu yako. Alisema, Shimei, mvi zake usiziache, zishushe. Nimesoma, nimeelewa. Mimi sina roho ya kuua. Ila ukivuka huu mtaro, usimlaumu mtu."

Ameelewa nini? Amefungua Wafalme akamkuta Daudi anakata roho. Daudi anamwambia Sulemani: yule Shimei aliyenirushia mawe na vumbi, mimi nilimwapia sitamwua, lakini wewe una akili, mvi zake zishushe kaburini na damu. Mimi wa darasa la nne nasema huyo mfalme naye! Mdomoni anasamehe, chuki anaiweka kwenye friji amwachie mtoto.

Baraka amekulia shule za bweni, utani haujui. Hajui kwamba hilo jina ulinipa ukicheka, kule Bunda, ulipokuwa unaenda kuposa na suti ya kuazima, mimi nyuma nakurushia vumbi la mnadani na kuwatangazia watu kwamba bwana harusi anakojoa kitandani. Hajui kwamba Jumamosi tulikuwaga tunanyoana hapa kibarazani, na wewe ukishika wembe unasema, "Shimei, lete kichwa, leo mvi zako nazishusha."

Kushusha mvi ni kunyoa! Nilimweleza. Akasema hakuna mtu anayekata roho huku anawaza kunyoa watu.

Sasa hapa sitanii. Siku tulipomzika mkeo nilishuka kaburini nikalala, kama mtani anavyofanya, nikagoma kutoka mpaka niletewe kuku. Watu walicheka. Wewe uligeukia upande wa ziwa. Nilidhani unacheka na wewe, umeficha meno tu.

Mafuru, ulikuwa unacheka?

Maana kama neno lile ulilisema kama Daudi, basi mtoto amesoma sawasawa, mimi ndiye sikujua kusoma. Na hapo sijapoteza rafiki mmoja. Nimepoteza kila siku tuliyocheka, tangu Bunda. Baraka ananitisha kidogo tu. Wewe, huko chini ya vigae, ndiye unayenitisha.

Nimelifikiria hilo mpaka uji ukapoa mkononi. Halafu nikakumbuka Jumamosi ya mwisho, nilipokunyoa palepale kitandani. Shingo ilikuwa imebaki kama ya kuku. Ulinilazia kichwa mkononi, wembe uko kisogoni, ukasinzia ukakoroma. Mtu hasinzii hivyo mbele ya Shimei wa kweli. Nimelishika hilo. Sina lingine la kushika.

Nywele zimefika masikioni, watoto wa jirani wananiita mganga. Kwa kinyozi siendi.

Basi kwaheri, mzee mwenzangu. Mtaro huo nitauvuka, kwa miguu yangu au nimebebwa, na nakuahidi nitakuja na matusi mapya, mawili nimeshayatunga. Ila zamu ya kunyoa ilikuwa yako, na ulilala ukaniachia. Mtokee mwanao ndotoni, umwambie avuke aje na wembe. Na safari hii sema maneno yako vizuri, Mafuru: ni kichwa tu. Shingo aiache.