Supu ya Kichwa cha Tewa

Baba Nuru,

Kesho ni arubaini yako. Mama yako ameshaazima masufuria kwa majirani, mchele umepetwa, na uani viti vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine. Mimi niko chumbani mwetu, nimejifunika nguo nyeupe, mlango umerudishwa. Ungeniona kwenye eda hii ungecheka, mume wangu. Mimi niliyekuwa simalizi asubuhi bila kuchungulia barazani nijue nani amepita na amevaa nini, sasa dunia yangu ni kitanda, kabati na dirisha linalotazama ukuta wa choo cha jirani. Ukuta huo naujua mpaka nyufa zake.

Nuru yuko Mariakani kwa dada yako, anaendelea na shule. Hunipigia simu akalia, kisha akasema ana mafua. Meza yako sokoni amepewa kijana wa Vitengeni, na wanaokuja kunipa pole wananiambia anapaa samaki vibaya, magamba yanabaki mpaka kwenye mkia. Nimefurahi kusikia hivyo, Mungu anisamehe.

Lakini sikuandikii kwa habari hizo. Nakuandikia kwa sababu ya Mama Mutheu, yule jirani yako wa sokoni, mkaanga samaki. Wanamfukuza, na sababu ni wewe.

Ulipozikwa nyumba ilijaa watu, na kila mtu alikuwa na jawabu la kifo chako. Wa kwanza kulisema kwa sauti alikuwa mama yako. "Mwanangu alitoka hapa mzima. Kenda kanywa chai ya yule mwanamke wa bara, karudi kavimba uso. Mwataka niambiwe nini tena?" Wanawake wakaitikia kwa kichwa. Ni kweli ulikunywa chai mezani kwa Mama Mutheu mchana ule, soko zima lilikuona. Siku ya tatu alikuja na kilo mbili za sukari kutupa pole, akarudishwa mlangoni na sukari yake. Nilimsikia akisema, "Basi mwambieni mwenyewe nimekuja." Hakuna aliyeniambia, na mimi niliyesikia sikuinuka.

Sijui niuite woga au nini. Nilikuwa na majonzi, na nilitaka mtu wa kulaumu kama wengine walivyotaka.

Kisha likanipata mimi. Unajua watu wa kwetu wakija matangani hawaji mikono mitupu, na mke wa mpaa samaki ataletewa nini? Kila siku sufuria la mchuzi wa samaki, mara changu, mara kolekole wa nazi. Siku moja sijamaliza sahani, mikono ikaanza kuwasha. Vikanitoka vipele vikubwa, vyekundu, vimeinuka kama nimechapwa na upupu, midomo ikafura. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati nikaona uso wako, Bakari. Uso wako wa siku ile.

Mama yako akapiga kelele. Unafikiri alisema nitazamwe na daktari? Alisema, "Hakutosheka na mwanangu, sasa yuwamtaka na mkewe!" Kufikia alasiri habari ilikuwa sokoni. Kesho yake karai la Mama Mutheu likamwagwa mafuta mchangani na watu ambao hakuna aliyewaona. Kamati ya soko ikamwambia aondoe meza yake kwa usalama wake mwenyewe. Vipele vyangu ndivyo vilivyokuwa ushahidi.

Uvimbe ulipopungua nikaomba ruhusa ya kwenda kutibiwa, mama yako akakubali kwa shingo upande. Daktari alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka: nilikula nini, nafanya kazi gani, kuna mwingine nyumbani aliyewahi kuwa hivi. Nikamweleza habari zako. Nikamwambia jinsi ulivyokuwa ukirudi na mikono imetoka mabaka, nikaipaka mafuta ya nazi na ndimu, nawe ukasema ni joto. Nikamwambia jinsi mimi nami nilivyokuwa nikikusaidia kutumbua samaki uliowaleta nyumbani. Akanitoa damu ikapelekwa Nairobi. Jibu liliporudi aliniita tena, akanieleza polepole, akichora kwenye karatasi.

Wale wadudu, mume wangu. Wale weupe, wembamba, wanaojikunja tumboni mwa samaki kama uzi uliokatika. Uliwatoa kwa ncha ya kisu mara ngapi mbele yangu, ukaniambia, "Hawa si kitu, wakipikwa ni nyama tu." Daktari anasema samaki akikaa na matumbo yake, mdudu hutoka tumboni akaingia kwenye nyama. Na sisi je? Wateja wetu wanataka samaki mzima, akitumbuliwa mapema wanasema umewafichia ubovu. Ukawaacha mezani na matumbo yao mpaka mnunuzi aje, hata jua la saa saba likiwapiga. Ndivyo ulivyofundishwa na baba yako, na ndivyo soko zima linavyofanya.

Nikamwambia daktari, lakini sisi hatuli samaki mbichi, twapika mpaka mfupa unalegea. Akasema moto humuua mdudu, lakini kuna miili ikishamzoea kwa miaka huanza kumchukia, na ikimchukia haiulizi kama yu hai au amekufa. Kinga ya mwili humpiga yeye, na mapigo yote yakakupata wewe mwenye mwili. Ngozi hufura, tumbo hukata, na siku mbaya koo hufunga. Mimi damu yangu imeonyesha hivyo. Kuhusu wewe alisema hawezi kuapa, umeshazikwa, ila kwa nilivyomwelezea haoni jambo jingine. Chai haimo. Akaniuliza ulikula nini mwisho, nikasema supu ya kichwa cha tewa, samaki niliyempika alasiri ile ile uliporudi umevimba.

Aliacha kuandika akanitazama, kisha akaendelea kuandika. Nilimshukuru kwa hilo.

Tangu siku hiyo nimebanwa, Bakari, sina pa kugeukia. Wageni wakija wananisifu. "Mwenzetu alimuuguza mumewe mpaka dakika ya mwisho, supu alimpikia kwa mkono wake." Nami nainamisha kichwa, nasema ahsanteni. Nikinyamaza, mwanamke asiye na kosa anafungasha virago. Nikisema, supu ni yangu, na kichwa cha tewa alikileta mama yako mwenyewe, kama desturi yetu ilivyo, mgonjwa apewe supu ya samaki apate nguvu. Nikisema, mama yako aliyekufa nawe nitakuwa nimemuua mara ya pili.

Jana baada ya adhuhuri nilimwambia. Alikuwa akichambua iliki, akaacha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na unamjua mama yako, hilo peke yake lilinitisha. Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, hayo yaache huko huko kwa daktari. Bakari harudi. Yule ana kwao, atakwenda kwao. Mimi na wewe tutakwenda wapi?" Akalia kimya kimya, mabega yanatikisika. Nilimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wangu, na papo hapo nikatamani kumsukuma atoke chumbani. Nampenda na namchukia, na hewa ya chumba hiki haitutoshi mimi na yeye.

Mama Mutheu anaondoka Jumamosi. Ameshauza meza. Nilimpigia simu mara mbili nikashindwa kusema, nikamuuliza tu watoto hawajambo. Mara ya pili yeye ndiye aliyesema. "Mama Nuru, mimi nilimwambia mzee, hiyo si joto, enda hosi waangalie hizo mikono. Nilimwambia siku mingi. Hata hiyo siku nilimpa chai ndio akae chini kwanza apumzike." Katika soko zima ni yeye peke yake aliyeitazama mikono yako akaona ugonjwa. Mimi niliyelala karibu yako nilikupakia ndimu.

Sasa sikiliza niliyoamua. Mimi siwezi kutoka kwenda sokoni, eda bado ndefu. Lakini kesho soko linakuja kwangu. Watakuwa wote hapa: wake wa wavuvi, wanawake wa kamati, wale waliomwaga mafuta na wale waliocheka. Khitma ikishasomwa na dua ikishaitikiwa, kabla sahani hazijapita, nitasema maneno ya daktari, nitataja wadudu, nitasema matumbo yatolewe mapema hata wateja wakinuna. Kichwa nitasema nimekipika mimi, kilikotoka ni jambo lisilomhusu mtu. Hilo ndilo naweza kumfanyia mama yako. Wakinitazama vibaya, waache wanitazame.

Nimemtumia Mama Mutheu ujumbe aje. Amejibu, "Wataniacha niingie?" Nimemwandikia nitamngoja mlangoni mimi mwenyewe, na atakaa ubavuni mwangu.

Limebaki moja, ambalo sikumwambia daktari wala mama yako, wala kesho sitawaambia. Siku ile ulilisukuma bakuli. Ulisema, "Mama Nuru, leo tumbo halitaki." Nikakasirika, kwa sababu nilikuwa nimesimama jikoni na jua lile, nikakuambia usijifanye mtoto. Ukanywa ili nisinune. Ulilimaliza lote, ukanirudishia bakuli tupu ukaniambia ahsante. Kisha pumzi zikakubana, na hatukufika hospitalini, ulikata roho tuktuk ikiwa bado njiani.

Lala salama, mume wangu. Ahadi ya kesho ni ya Mama Mutheu na nitaitimiza. Yako ni hii: mtu wangu akiniambia mwili wake haukitaki kitu, nitamwamini. Laiti ungekuwa wa kwanza.

Mkeo,
Mama Nuru